Mbao za Shemeji

Kijiwe chetu kiko mbele ya karakana ya Fundi Seremala: benchi refu, birika la kahawa na kelele kutwa. Leo hakuna aliyechelewa. Mke wa Fundi, shemeji yetu, alifariki jana, na Fundi anamchongea jeneza mwenyewe. Kakataa kabisa kusaidiwa. Tumekaa tu, hatujui macho tuyaweke wapi. Ndipo likapita gari la matangazo: "Acheni vitu vya kutumia mara moja! Tuokoe misitu!" Nikashukuru Mungu, angalau tumepata la kubishania.

— Danganya toto hiyo, akaanza Kinyozi. Kikombe cha karatasi ndicho kimemaliza msitu?

— Hujui kitu wewe, akadakia Dereva. Wanatuzoesha. Leo vikombe, kesho viberiti. Utawasha jiko kwa njiti moja mwaka mzima!

— Njiti ni nini? nikasema mimi, mshona viatu. Mwakani hata hewa ya miti watatukopesha. Ukiivuta, unairudisha kama ulivyoikuta!

Tukacheka, kicheko kikubwa kupita kiasi. Dereva naye, mdomo wake hauna breki:

— Jamani, cha kutumia mara moja hasa si je...

Kinyozi akamkata jicho. Randa ya Fundi ikasimama.

— Malizia tu, akasema Fundi. Jeneza.

— Nisamehe, kaka. Nimeropoka.

— Hujakosea. Mbao zenyewe siku hizi hazipatikani. Msitu umefungwa, na ni haki ufungwe, tuliukata bila huruma. Hizi nimezitoa kwenye kitanda chetu. Nilikiunda wiki ile tuliyooana.

Akarudia kupiga randa.

Mara akaja binti mmoja kutoka kwenye lile gari, amevaa fulana ya kampeni.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Akazipapasa zile mbao, akaona matundu ya misumari ya zamani, uso ukamchangamka.

— Mbao zilizokwisha kutumika! Hongera sana, baba. Zilikuwa za nini?

— Kitanda changu na mke wangu. Namtengenezea jeneza.

Binti akaziba mdomo kwa kiganja.

— Pole, baba. Pole sana.

Akasimama pale, hajui aende au abaki. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtoto wa nyumbani kwa Fundi:

— Sasa wewe leo utalala wapi?

Sisi, wenye majibu ya dunia nzima, tukasogeana tu kwenye benchi. Fundi akaweka randa chini, akaja kukaa katikati yetu, akalia kwa mara ya kwanza tangu jana.