Hannah Dama Mwinga, Aliyekataa Kuzima Maonyo

Marehemu Hannah Dama Mwinga alizaliwa tarehe 9 Agosti 1986 Mwangulu, Lunga Lunga, kifungua mimba wa hayati Mzee Mwinga na Mama Jemima. Kwa mila yetu, Mzee na ndugu zake wawili kila mmoja alimpa binti jina la mama yao. Nyanya akiita "Dama!" waliinuka watatu, au hakuinuka hata mmoja. Hannah, akiwa na miaka saba, alimwambia, "Nyanya, taja na baba wa Dama unayemwita. Usipomtaja, siji ng'o!" Alichapwa, na bado hakuja.

Alisoma msingi Mwangulu na sekondari Matuga, akahitimu shahada ya kompyuta Mombasa mwaka 2010.

Mwaka 2013 aliajiriwa Ukunda, katika ofisi iliyotengeneza programu za simu kwa lugha ya Objective-C. Miaka mitatu baadaye walitengeneza programu moja ya zahanati, ya kupima dawa za watoto kwa uzito. Kompyuta ikatoa maonyo sitini na matatu: sehemu mbili za programu zilibeba jina moja, "uzito", moja ikitoa kilo, nyingine gramu, na kompyuta ilikuwa ikibahatisha iite ipi. Mkuu wake, Bwana Kheri, akasema, "Hayo si makosa, ni maonyo tu. Yazime, Jumatatu tunazindua."

"Kwa heshima yako, bwana, nifute mimi kazi. Onyo silizimi."

Kwa siku tisa alipita mstari kwa mstari, akieleza kila mahali ni uzito wa nani, akazipa majina mapya: uzitoKwaKilo, uzitoKwaGramu. Mahali pamoja gramu zilikuwa zikisomwa kama kilo. Mtoto mchanga angepewa dawa mara elfu ya kipimo chake. Programu ilizinduliwa kwa kuchelewa, ikiwa safi. Siku iliyofuata akafutwa kazi, wallahi bila hata asante! Hakuomba radhi. Alifungua chumba chake Msambweni, akafundisha mabinti kazi hiyo.

Aliolewa na Sanga, fundi wa majokofu Diani, tarehe 15 Desemba 2018.

Saratani ilimpata mwaka 2023. Aliyempa pole alijibiwa, "Pole ya nini? Sijafa bado!" Alifariki Jumapili, 12 Oktoba 2025, nyumbani kwake.

Ameacha mama yake, mumewe, watoto Jefwa na Shutu, na akina Dama wawili.

Jana ofisi ile, ilipoiona karatasi hii, ilituomba tuiondoe habari ya maonyo. Mama Jemima akajibu, "Isomwe, tena kwa kipaza sauti." Imesomwa. Mungu ampumzishe kwa amani.