Mtu wa Mbele Hajibiwi: Maisha ya Bo Wamunyima Mukumbuta

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Namulilo leo, Ijumaa tarehe 17 Machi 2023, maneno haya yameandikwa na kusomwa na Bw. Sitwala Mukumbuta, mdogo wa marehemu, kwa niaba ya familia. Habari za kuzaliwa zilisimuliwa kwanza na mama yetu, Bo Nosiku, mwaka 1974, wakati wa kuanika samaki, na habari za siku ya mwisho zilisimuliwa kwanza na Nasilele, binti wa marehemu, jioni ya Jumanne iliyopita, akiwa bado amesimama majini na kamba ya boti mkononi. Pale ambapo wasimuliaji walitofautiana, yameandikwa yale ambayo Nasilele na mwenzake waliokuwamo botini na marehemu waliyakubali.

Marehemu Bo Wamunyima Mukumbuta alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951 kwenye kilima cha Liyala, katikati ya uwanda unaofunikwa na maji kila mwaka, akiwa mtoto wa pili wa Bo Mukumbuta Siyoto na Bo Nosiku. Mwaka huo baba alichelewa kuihamisha familia kwa sababu ng'ombe mmoja alikuwa hajazaa, maji yakafika kwenye kizingiti cha nyumba, na mtoto akazaliwa watu wengine wote wakiwa wameshahamia ukingoni. Siku tatu baadaye alivushwa kwa mtumbwi hadi hapa Namulilo, na kila mwaka aliokuwa nyumbani baada ya hapo alihama na maji na kurudi nayo kama sisi sote.

Alianza shule ya msingi Januari 1960 katika shule ya misheni iliyokuwa hapa ukingoni, akaendelea na sekondari mjini Mongu, na akamaliza Kidato cha Tatu mwaka 1969, akiwa wa kwanza darasani katika jiografia na wa mwisho katika kuimba, jambo ambalo wenzake wa kwaya walilithibitisha hadi uzeeni.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa na wapima ardhi wa serikali kama mshika fito, akazunguka nao majimbo manne, kisha mwaka 1975 akahamishiwa Lusaka, kwenye chumba cha wachoraji, ambako alishiriki kuchora ramani ya uwanda wetu kutokana na picha zilizopigwa kutoka angani. Picha hizo zilipigwa Septemba, nyasi zikiwa kavu, na ramani ikaonyesha njia za ng'ombe, shule na visima, lakini haikuonyesha maji yanayolala juu ya vitu hivyo vyote kuanzia Januari hadi Juni. Alipoacha kazi hiyo mwishoni mwa 1979 alirudi nyumbani na nakala moja ya ramani, aliyoipaka nta ya mshumaa isilowe, pamoja na dira aliyopewa na mkuu wake kama zawadi ya kuagana, na kwa miaka iliyofuata aliichora ramani ile upya kwa penseli, akiongeza mikondo ya mafuriko mmoja baada ya mwingine, na kuifuta na kuihamisha kila mikondo ilipohama.

Alifunga ndoa tarehe 21 Agosti 1976 na Bo Namebo Lubinda, na Mungu akawajalia watoto watatu, nao ni Imwiko, Nasilele na Likezo. Bo Namebo alitangulia mbele ya haki tarehe 5 Novemba 2014.

Kuanzia tarehe 3 Machi 1980 hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011, marehemu alikuwa nahodha wa boti la zahanati, akiwapeleka wauguzi na chanjo kwenye vilima ambavyo watu wake hawakuhama, na kuwaleta wagonjwa wao mjini. Waliofanya kazi naye wanajua sheria yake moja, ambayo si yake peke yake bali ni ya kila mtu anayepiga kasia kwenye uwanda huu, kwamba aliyekaa nyuma huendesha, aliyekaa mbele huona, na mtu wa mbele akinyoosha mkono hajibiwi, hufuatwa, kwa kuwa ukimuuliza kwa nini, kiboko ameshakujibu.

Nasilele alifundishwa kazi hiyo tangu mwaka 1998. Baba yake alikuwa akimpeleka mahali pasipo na kilima wala mti, anaichukua dira na kuitia mfukoni, kisha anauliza, "Tuko wapi?" Nasilele akisema hajui, mzee alikuwa akisema, "Usiniambie hujui. Niambie umetoka wapi, umekwenda upande gani, kwa muda gani. Ukimaliza kuniambia hayo yote, ndipo useme hujui." Binti aliendesha boti lile kuanzia 2012, na katika muda huo wote hakuna siku ambayo boti liliripotiwa kupotea.

Si kweli, kama wengine walivyokuwa wakisema, kwamba marehemu alichukia simu. Nasilele alipokuja na simu yenye ramani zilizohifadhiwa ndani, zinazofanya kazi hata pasipo mtandao, mzee aliishika kutwa nzima, akaikuza na kuipunguza mpaka ikazima, kisha akasema, "Hii ndiyo kazi yetu ya Lusaka, wameiminya ikaingia mfukoni." Baada ya kuichaji aliongeza, "Na kosa letu limo humuhumu. Bado ni Septemba."

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu mwaka 2016, akawa anatumia dawa bila kukosa. Tarehe 10 Machi mwaka huu alikwenda kilima cha Sikuli kumtembelea dada yake mkubwa, Bo Mukelabai, ambaye wengi wenu mnamwita Shangazi. Alfajiri ya Jumanne tarehe 14 alipoinuka kunawa alianguka, upande wake wa kulia ukawa hauna nguvu na hakuweza kusema tena. Boti la zahanati, Nasilele akiwa nahodha, lilikuwa limelala Sikuli. Mnara wa simu wa upande ule ulikuwa umezimika tangu radi ya mwanzo wa mwezi, kwa hiyo hapakuwa na wa kumpigia simu, na Nasilele akaamua kumpeleka baba yake hospitali mjini mwenyewe, pamoja na binamu yake, Mubiana. Walimlaza kwenye godoro sehemu ya mbele ya boti, kichwa kikiangalia waendako, ili moshi wa injini usimfikie. Shangazi aliwasukuma kutoka ufukweni akisema, "Mjini, moja kwa moja. Msipite kwa mtu, msimsalimu mtu."

Kutoka Sikuli mji uko mashariki, ukiegemea kusini kidogo. Nasilele aliitundika dira shingoni na Mubiana akashika simu ndani ya mfuko wa plastiki, na ile nukta ya buluu ikawaonyesha walipo ingawa mtandao haukuwapo. Maji yalikuwa yametulia. Wote wawili wanasema hofu ilikuwa bado haijawaingia. Mubiana alisema, "Dada, simu inasema tuko katikati ya uwanja wa mpira wa shule." Nasilele akamwambia, "Basi tafuta goli, uniambie tunafunga au tunafungwa." Mubiana akachungulia ndani ya maji na kusema, "Kipa ni kambare, hatufungi leo," na marehemu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho, na familia imeona vema kiandikwe.

Muda mfupi baadaye marehemu aliuinua mkono wake wa kushoto na kuunyoosha kaskazini mashariki.

Mubiana alisema, "Dada, mzee anataka tupinde. Simu inataka tunyooke."

Kisha Mubiana akauliza, "Na dira?"

Nasilele akaitazama kifuani. "Dira iko upande wa simu."

Nasilele anasema alifikiri baba yake ameona kitu, ama majani yameziba mkondo wa mbele, ama kuna viboko, kwa kuwa mara nyingi aliona kabla ya wengine, naye alikuwa ndiye mtu wa mbele. Alipinda. Walipokwenda kiasi bila kuona majani wala viboko, alipunguza injini na kuuliza, "Baba, hospitali ni kule?" Marehemu hakugeuka, alipiga ubao wa boti kwa kiganja mara mbili, ishara ambayo kila mvushaji anaijua, maana yake ni endelea. Mubiana akasema, "Dada, tunaiacha njia, tunaiacha kabisa." Nasilele akamjibu, "Najua tulipo. Nyamaza, uangalie maji."

Ilipokaribia saa nne na nusu waliiona mikuyu miwili ya Liyala. Kilima hicho alikozaliwa hakikuwa na mtu, maji yalikuwa yamefika kwenye mashina, na boti lilipoingia katikati ya miti hiyo marehemu aliushusha mkono. Nasilele aligeuza boti papo hapo na kushika njia ya mjini kwa kasi yote ya injini. Saa tano asubuhi Mubiana alimgusa marehemu na kukuta hapumui. Walikuwa bado wanaiona mikuyu nyuma yao.

Daktari aliyeuona mwili aliulizwa na familia kama kufika mapema kungemwokoa, na jibu lake lilikuwa kwamba hawezi kusema ndiyo na hawezi kusema hapana.

Shangazi Mukelabai alifika hapa Jumatano kwa mtumbwi, na mbele ya waombolezaji alisema, "Mtoto wa mchora ramani amempoteza baba yake na ramani mkononi." Wengine waliitikia. Nasilele alijibu, "Sikupotea, Shangazi. Nilijua nilipo kila wakati." Kisha alivua dira, akaiweka juu ya jeneza, na akasema hatagusa injini tena, ya zahanati wala ya mtu yeyote. Tangu hapo amekaa, hajalia, na chakula amekila alipopewa.

Jana alikuja kwa aliyeandika maneno haya akiwa na maombi mawili, kwamba iandikwe kuwa hakupotea, na iandikwe pia kuwa ramani ilikuwa sahihi, dira ilikuwa sahihi, na ni yeye aliyeamua kuviacha. Yote mawili yameandikwa. Baadhi ya wanafamilia walitaka pia isomwe kwamba marehemu alifariki njiani, na wengine kwamba alifariki nyumbani. Kilichoandikwa ni kwamba alifariki kwenye maji ya Liyala, na kama mkono ule ulikuwa unatafuta hospitali ukakosea, au ulikuwa unatafuta Liyala ukapata, hakuna mtu anayejua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu kwa miaka saba, wafanyakazi wa zahanati waliotoa boti na mafuta kwa ajili ya mazishi, majirani wa Namulilo walioleta unga, maziwa mgando na samaki, wanakwaya, na watu wa Sikuli waliovuka maji makubwa kuja kutufariji. Tuliowasahau watuwie radhi.

Kama mjuavyo, makaburi yetu yako ng'ambo ya ghuba, na jeneza litavushwa baada ya ibada hii. Asubuhi ya leo Shangazi Mukelabai alimfuata Nasilele alipokuwa ameketi, akamuuliza, "Nani atatuvusha?" Nasilele akauliza, "Nani atakaa mbele?" Shangazi akasema, "Nitakaa mimi. Nawe ufuate dira." Nasilele hakumjibu. Aliinuka, akaichukua dira juu ya jeneza, akaenda kuangalia mafuta kwenye injini.

Kati ya watu watatu waliokuwa kwenye boti lile, Nasilele na Mubiana wako hai na wako hapa. Shangazi Mukelabai, aliyewasukuma kutoka ufukweni, yuko hai, ana miaka themanini na mmoja, na katika watoto wa Bo Nosiku amebaki yeye na msomaji huyu. Imwiko na Likezo wako hai.

Pumzika kwa amani, Bo Wamunyima. Hukujibiwa, ulifuatwa.