Breki Zitazoea

Kijiwe chetu cha Nyakato, hapa Musoma, ni ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya banda langu la gereji. Watu wanne wanaenea vizuri, watano wanabanana. Robi anafika saa nne asubuhi na birika la kahawa ya kwao Tarime, na akishafika ndipo maneno yanapoanza; kabla yake huwa tunakohoa tu na kusalimia wapita njia. Ilikuwa mwaka themanini na nane. Sukari ilikuwa imerudi madukani, spea zilikuwa zinaingia kwa mpaka wa Sirari, na kila mtu alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Lakini Jumatano ile mwisho wa ubao, upande wa tairi bovu, palibaki wazi na hakuna aliyesogea. Palikuwa mahali pa mzee Keraryo. Tulimzika Jumamosi.

Alikufa akiwa amepanda nyuma ya pikapu ya Florian, kwenye mteremko wa kuingilia Bunda. Gari liliserereka likaingia mtaroni na kulala ubavu. Florian alivunjika mkono, wakamfunga plasta na kumpeleka rumande hukohuko Bunda. Kesho ya Jumatano ile, Alhamisi, alikuwa apandishwe mbele ya hakimu. Watoto wa Keraryo walikuwa wanasema dereva alikuwa amelewa.

Na breki za nyuma za pikapu ile nilizifunga mimi, siku tisa kabla. Mimi ni Bernado, kijiweni wananiita Dokta kwa sababu nimefufua magari mengi yaliyokwisha kuota majani. Wenzangu walijua nani alifunga breki zile. Ndiyo maana siku hiyo walizungumza kila kitu isipokuwa mimi.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Mseti, ambaye tunamwita Redio. Alikuwa dereva wa lori la pamba zamani, na hajawahi kuzimwa.

Redio: Kulewa si kweli. Florian hanywagi. Hata togwa anauliza kwanza imekaa siku ngapi.

Katibu: Hilo hata mimi naweza kusimama nikaapa.

Katibu ni Rafaeli. Alikuwa karani wa ushirika, na mpaka leo akiongea anashika kalamu ambayo haipo.

Redio: Basi ni barabara. Changarawe ya pale ni kama umemwaga mahindi sakafuni.

Robi: Barabara iko pale miaka yote. Mbona wengine wanapitaga?

Redio: Basi mafuta ya breki. Siku hizi ni ruksa, kila kitu kinaingia. Kuna mtu Buhare nasikia anachanganyaga na maji ya ziwa.

Katibu: Maji ya ziwa? Breki si ingenuka furu.

Redio: Furu wenyewe wako wapi siku hizi? Sangara kawamaliza.

Nilisema mafuta niliyoweka yalikuwa ya kopo, na kopo nililifungua mwenyewe. Nililisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Redio aliangalia kikombe chake.

Katibu: Mimi nawaambia, tatizo ni gari yenyewe. Gari ile imekula dhiki miaka saba. Unakumbuka, Dokta? Mwaka themanini na mbili, tatu, nne. Nani alikuwa na spea? Gari mliziendesha kwa nyaya na maombi. Sasa mwili uliozoea unga wa njano, ukiupa nyama siku moja, si unaharisha? Gari ilikataa kitu kipya.

Redio: Gari inakataa?

Katibu: Inakataa! Chuma kina mazoea.

Sikucheka, kwa sababu habari ya miaka ile ilikuwa kweli. Ndani ya gurudumu la nyuma kuna dramu, na ndani ya dramu kuna shuu mbili, vyuma viwili vilivyopinda vinavyotazamana. Ukikanyaga breki vinatanuka na kulikaba dramu. Kinachokaba ni lainingi, kile kipande kigumu kilichogongewa juu ya kila shuu. Miaka ile lainingi hazikuwepo Musoma nzima. Nilikuwa naokota zilizochakaa za malori makubwa, nazikata kwa msumeno wa chuma na kuzigongea kwa ribiti za waya wa shaba. Nilipima kwa kamba moja, hivyo zote nne za magurudumu mawili ya nyuma zilitoka sawasawa, na ungeweza kuifunga yoyote popote. Gari za misheni, za wavuvi na za serikali zilisimama kwa kamba yangu ile. Najua ni dhambi kujisifu, lakini nilijisifu sana.

Robi alizunguka kumimina. Alimimina cha Redio, cha Katibu, cha kwangu, kisha akamimina cha nne na kukiweka mwisho wa ubao, upande wa tairi bovu. Alipogundua alishika kiuno.

Robi: Mungu wangu. Mkono umezoea.

Hakuna aliyekigusa kikombe kile, na hakuna aliyesema kiondolewe.

Redio hawezi kukaa kimya kirefu, kinamuumiza. Alishusha sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali.

Redio: Nitawaambia kitu, lakini kisifike mbali. Gari ilivutwa.

Katibu: Ilivutwa na nani?

Redio: Na dhahabu. Pale Kiabakari si palikuwa na mgodi? Ule mshipa hauishii pale. Unatembea chini kwa chini mpaka Bunda, unapita upande wa kushoto wa barabara. Mimi nikiwa na lori tupu nilikuwaga nausikia. Usukani unakwenda wenyewe. Na gari ilianguka upande gani?

Katibu: Kushoto.

Redio: Haya.

Katibu: Ng'ombe wa pale wangekuwa wamelala ubavu wote.

Redio: Ng'ombe ana chuma gani?

Robi: Ana kengele.

Walicheka, wakaona aibu. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye neno lile, kushoto. Siku mbili baada ya kufunga breki, Florian alisimamisha pikapu hapa mbele. Hakuzima injini. Alisema, "Dokta, nikikanyaga inavuta kushoto." Nilikuwa chini ya gari la mtu mwingine na sikutoka. Nilimjibu palepale nilipolala, "Ni breki mpya. Zitazoea." Mzee Keraryo alikuwa amekaa hapa ubaoni, kahawa mkononi. Alikuwa anasubiri kwa wiki nzima kwenda Bunda kumwona binti yake aliyejifungua. Alicheka akamwambia Florian, "Si umemsikia Dokta? Zitazoea. Basi wiki ijayo tunakwenda wote." Aliridhika kwa neno langu, akamalizia kahawa yake.

Hilo sikuwa nimemwambia mtu.

Ndipo akaja Getruda, mke wa Florian. Anashona nguo sokoni, na nusu ya mashati ya kijiwe hiki yamepita kwenye cherehani yake. Alikuwa amevaa kitenge cha safari na kwapani amebana boksi la karatasi ngumu lililofungwa kwa utepe.

– Shikamooni.

– Marahaba, mama. Pole sana.

– Asante. Napita tu. Lori la Bunda linaondoka saa sita.

Katibu alimsogezea nafasi. Robi alimpa kahawa, akakataa kwa upole. Aliangalia kile kikombe kilichojaa mwisho wa ubao, akaelewa, akabaki amesimama.

Getruda: Shemeji Bernado, nina swali. Usinifikirie vibaya. Mimi si fundi wa magari.

Nilimwambia aulize.

Getruda: Mimi nashonaga. Mkono wa shati una mbele na nyuma. Macho yanaona ni sawa, lakini ukigeuza, mtu anavaa vizuri na bega linavuta. Atakwambia, mama, linavuta, na wewe usipoangalia utamwambia litalegea likifuliwa.

Redio alianza kusema kitu. Robi alimkanyaga mguu, nilimwona.

Getruda: Florian aliniambia gari inavuta. Nimemwona Jumatatu kule ndani, ameniambia tena. Hajasema kitu kingine, anarudia hilohilo. Basi nikakumbuka boksi hili.

Alifungua utepe. Vifungo na vibobini vya uzi vililia ndani. Lilikuwa boksi la shuu za breki, lile lile ambalo Florian alilinunua Sirari na kuniletea likiwa bado linanuka dukani. Miaka ile hakuna aliyetupa boksi. Mimi nilitoa shuu, Florian akabeba boksi nyumbani, mkewe akatia vifungo.

Getruda: Ubavuni kuna picha. Gurudumu ni moja, lakini ndani yake hivi vitu viwili havifanani. Kimoja kimevaa kifupi, kingine kirefu. Nauliza tu. Hivi navyo vina mbele na nyuma?

Redio alilichukua boksi kwanza. Aliligeuza, akaligeuza tena.

Redio: Hii ni picha ya matangazo, mama. Hawa wachoraji wanachoraga tu.

Katibu alimnyang'anya, akavaa miwani yake yenye mguu mmoja na kusogeza boksi juani.

Katibu: Kuna mshale.

Redio: Mshale wa nini?

Katibu: Subiri. Wamechora na kigari kidogo. Mshale unaonyesha gari inakokwenda. Fupi iko upande wa mshale. Ndefu iko nyuma.

Alivua miwani. Hakusema mambo ya mazoea ya chuma. Redio hakusema dhahabu.

Naliandika hili kama lilivyokuwa. Boksi lile lilikuwa na shuu nne, mbili za lainingi ndefu na mbili za lainingi fupi. Nilipoziona nilishangaa kidogo, halafu nikafanya kile ambacho miaka saba ya kamba moja ilinifundisha: nililinganisha. Niliweka ndefu na ndefu, fupi na fupi. Nikaona zimependeza. Marehemu fundi aliyenifundisha alikuwa hafungui magurudumu mawili kwa pamoja. Anafungua moja, anamaliza, na lile la pili analiacha limefungwa ili akisahau akalitazame. Miaka ya dhiki niliacha kufanya hivyo, maana hapakuwa na cha kusahau, zote zilikuwa sawa. Siku ile nilifungua kushoto na kulia kwa mara moja, nikatupa za zamani kwenye pipa, na sikubakiwa na pa kutazama. Boksi lilikuwa mkononi mwa Florian, hatua tatu kutoka nilipochuchumaa. Sikuliomba.

Getruda: Shemeji, wewe uliweka hivi?

Watu waliokuwa na jibu la kila kitu tangu saa nne waliangalia chini. Kisha Redio, ambaye ananipenda, najua ananipenda, alinitupia kamba.

Redio: Lakini Dokta, hiyo si inaweza kuwa picha ya gari nyingine? Magari hayafanani.

Nilitamani kusema ndiyo. Ningesema, Katibu angetikisa kichwa kukubali, Robi angemimina, na Getruda angefunga utepe wake na kuwahi lori. Mimi ndiye fundi, yeye ni mshonaji, nani angebisha? Niliogopa sana. Niliogopa watoto wa Keraryo, niliogopa polisi, na nisiseme uongo, niliogopa kupoteza lile jina la Dokta.

Niliangalia kikombe cha mwisho wa ubao. Kilikuwa kimeacha kutoa moshi.

– Sikuweka hivi, nilisema. Kushoto nilifunga ndefu mbili. Kulia nilifunga fupi mbili. Kushoto ilikuwa inakaba zaidi. Ndiyo iliyokuwa inavuta.

Getruda hakulia wala hakunitukana. Alirudisha vifungo kwenye boksi kimoja kimoja, akafunga utepe.

Getruda: Lori ni saa sita, shemeji.

Robi: Kahawa imeisha.

Haikuwa imeisha. Aliinua birika likiwa zito akaondoka nalo. Nilichukua jeki, nyundo na koleo la springi, nikafunga banda na kumfuata Getruda kwenye lori.

Asubuhi ya Alhamisi, kwenye uwanja wa polisi Bunda, pikapu ilikuwa bado imekunjika ubavu. Mkaguzi wa magari alikuwa hajafika, lakini askari mmoja aliniruhusu nifungue mbele yake. Getruda alisimama na boksi. Alfonce, mtoto mkubwa wa Keraryo, alikuja akasimama karibu yangu, hakunisalimia. Nilianza na gurudumu la kushoto. Niligonga dramu kwa nyundo mpaka likatoka, vumbi jeusi likamwagika. Ndefu, na ndefu. Nilihamia kulia. Fupi, na fupi. Niliwaonyesha picha na mshale, nikaeleza mara mbili. Askari aliandika polepole, akanisomea, nikaweka sahihi. Alisema karatasi ile ataipeleka kwa hakimu mwenyewe kabla Florian hajaitwa, na habari ya ulevi haina tena pa kukaa. Kesi yangu mimi, alisema, nitaitiwa.

Getruda alikwenda upande wa mahabusu, karibu akimbie. Nilibaki na Alfonce. Alichuchumaa akagusa lainingi ndefu kwa kidole, kisha akaitazama ile ya pili. Ana uso wa baba yake hasa.

– Wanasema Florian alikuja kukwambia, kwamba inavuta.

– Alikuja.

– Na baba alikuwepo.

– Alikuwepo.

– Wewe ukamjibu nini?

Nilisimama. Mikono ilikuwa na vumbi la breki mpaka kwenye viwiko, na sikuwa na mahali pa kuificha.

– Nilimwambia zitazoea.