Jumatatu ya Kupima Majani

Nani alikuambia kwamba jani dogo ni ugonjwa? Marehemu mama yetu aliwauliza hivyo wakubwa wa kituo cha utafiti wa misitu kwa miaka thelathini na mitano. Wengi walistaafu bila kumjibu.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuguzi. Katika sekondari ya bweni aliadhibiwa kufagia majani uwanjani, mwalimu wa zamu akamkuta ameyapanga kwa ukubwa. Jina la Bi Majani likamganda tangu siku hiyo. Alipata stashahada ya misitu mwaka 1984, na miaka miwili baadaye akaajiriwa kituoni.

Mwaka 1987 alipanda miche mia tatu ya aina moja ya mti, katika shamba moja na udongo mmoja. Kilichotofautiana ni mbegu: nusu zilitoka nchi ya mvua, nusu nchi kavu. Miti ya asili ya mvua ilitoa majani mapana, ikakimbilia juu. Ya nchi kavu ilitoa majani madogo, manene, ikakua polepole, watu wakaiita vijeba. Yeye aliyachuma majani, akayapima kwa rula, akayakausha na kuyaweka kwenye mizani, mwaka baada ya mwaka. Akaonyesha kwamba kwa kiasi kilekile cha maji, vijeba vilitengeneza mbao nyingi zaidi. Ubahili huo wa maji vilizaliwa nao.

Ndoa yake ilianza kwa kosa. Kiangazi cha 1988 shamba halikupaswa kupata hata tone, ili ionekane miche ipi itavumilia. Dereva wa gari la maji akaihurumia, akamwaga lita elfu sita. Vipimo vya msimu mzima vikaharibika. Mama alimfuata hadi gereji.

"Huruma yako imenilia mwaka mzima," alimwambia. "Usikanyage tena shamba langu."

Dereva akauliza kama kwao mama, kwa wazazi wake, anaruhusiwa kukanyaga. Walifunga ndoa tarehe 5 Agosti 1989. Marufuku ya shamba ilibaki palepale. Miaka yote hiyo baba alimletea chakula cha mchana na kukipitisha juu ya uzio, akiuliza, "Mama watoto, na mchuzi nao utaharibu vipimo?"

Alistaafu mwaka 2021, lakini hakuacha kupima. Mkuu mpya wa kituo alitaka vijeba vikatwe ili magari yapate pa kuegeshwa. Maegesho! Mama alibishana naye wiki tatu, wakakubaliana: shamba litabaki mradi vipimo vya kila Jumatatu ya tatu ya mwezi visikatike. Kikikosekana kimoja, misumeno iingie.

Mei 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alipima hadi Septemba, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Hospitalini alirudia neno moja tu kwetu watoto, kwamba Jumatatu ni siku ya kupima, nasi tukadhani ni homa inayosema. Alifariki Jumapili, tarehe 16 Oktoba, saa kumi jioni, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, dada mmoja, na miti mia mbili themanini na moja. Mungu ampe pumziko alilolistahili.

Kesho yake asubuhi kitinda mimba wake alikwenda kituoni, maneno makali ameyapanga njia nzima, amwombe mkuu asihesabu Jumatatu ya msiba. Alimkuta mkuu ndani ya shamba, ameshika daftari la mama, akiandika. Aliyekuwa akimtajia vipimo ni baba, rula mkononi, katikati ya vijeba.

"Baba, wewe si umepigwa marufuku?"

"Jana kaniondolea," baba alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye jani. "Kasema maji niyaache nje."

Chupa yake ya maji ya kunywa ilikuwa imesimama upande wa pili wa uzio.