Nati Isiyo na Rangi

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa anasinzia kwenye basi, lakini maneno ya kiti cha mbele yakamfukuza usingizi.

"Helikopta?" mama mmoja alimuuliza fundi wa kuchomelea aliyeketi naye. "Umeiunda mwenyewe, uani kwako?"

"Kwa kufuata michoro, mama. Mimi nakaza nati, mke wangu anaikagua, kisha anaitia tone la rangi ya kucha. Bila tone lake siruki, ndivyo tulivyokubaliana. Imebaki moja tu, ile kubwa ya juu inayoshika mapangaboi. Kila nikimkumbusha, ananiambia rangi imekwisha." Akatoa kichupa chekundu mfukoni. "Leo nimemnunulia."

Mama akakitazama kile kichupa. "Hiyo helikopta ina viti vingapi?"

"Kimoja."

"Basi rangi haijaisha, mwanangu. Anaogopa kubaki peke yake."

Fundi akakigeuzageuza kichupa. Muuguzi, ambaye hakuna aliyemuuliza, akaitikia kwa kichwa.

Basi liliposimama, fundi aliinuka, kichupa kiganjani. "Sasa nimpe, nisimpe?"

"Mpe," mama akasema. "Ila mwambie ni ya kucha zake."