Ukuta Wenye Makunyanzi

Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, fundi mkuu wa uashi wa kampuni yetu atavua kofia yake ngumu na kuirudisha stoo. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na moja na miezi minne. Katika muda wote huo ameugua siku tisa tu, na kati ya hizo tisa, tatu alikuja saiti kuchungulia. Ofisi ilitaka wasifu wake katika jarida hili la kampuni uandikwe na mtu wa ofisini, lakini mwenyewe akakataa. Alisema aandikwe na mtu aliyechanganya naye zege, hata kama mwandiko utakwenda upogo. Basi wasomaji mtuvumilie.

Jina lake kamili liko kwenye faili, na huku saiti hakuna anayelitumia. Sisi tunamwita Mzee Makunyanzi, na jina hilo limeandikwa kwa rangi nyekundu nyuma ya kofia yake. Wageni hudhani ni kwa sababu ya uso. Sivyo. Siku anabatizwa jina hilo uso wake ulikuwa bado laini kama sahani. Makunyanzi ni ya ukuta, na habari ya ukuta huo ndiyo tunayotaka ibaki kwenye maandishi kabla hajatuaga.

Alianza kama kibarua wa kubeba maji. Mwaka wa tatu akashika mwiko, mwaka wa tisa akapewa genge lake la waashi. Ujenzi hakuusomea chuoni. Aliusoma kwa kutazama, tena kutazama vitu ambavyo watu wa saruji huvikanyaga tu. Saa ya chakula sisi tunajinyoosha kivulini, yeye amechuchumaa anageuza jani, au anapima kwa vidole nafasi kati ya pingili za tete, au ana mfupa wa kuku mkononi anaukagua ndani kama daktari. Mchomeleaji wetu, anayeitwa Cheche, alikuwa akimuuliza kwa sauti kubwa kama huo mfupa umempa jibu au bado wanazungumza.

Mfupa ulikuwa na jibu. Paa la karakana lilikuwa limejengewa nguzo nzito za chuma kilichojaa ndani, na kila mwaka liliinama kidogo zaidi. Mzee akasema mfupa wa ndege una tundu ndani na bado unabeba ndege angani, hivyo tubebe paa kwa mabomba matupu yaliyofungwa kwa vipande vya mshazari. Cheche ndiye aliyeyachomelea, huku akicheka. Mpaka leo hayajainama, na Cheche hucheka mambo mengine.

Paa hilohilo lilikuwa likijaa maji kila mvua ikinyesha. Mzee akachuma jani, akalishika chini ya bomba, akatuonyesha jinsi maji yanavyokimbilia mshipa wa kati na kudondokea kwenye ncha. Akaomba mabati yapangwe hivyohivyo, yateremke kuelekea mfereji mmoja wa katikati, na mfereji uishie kwenye ncha juu ya tangi. Maji ya tangi hilo ndiyo tunayochanganyia saruji hadi sasa.

Siku nyingine alituuliza kama kuna yeyote aliyewahi kuona jalala msituni. Akasema kule kila kinachoanguka kinaliwa na kingine, sisi tu ndio tunaokodi lori la kutupa tulichojenga nacho. Tangu hapo matofali yaliyovunjika tunayasaga na kutandaza njia. Dereva wa lori la kifusi alinuna mwezi mzima kwa kukosa safari.

Si kila alichokiiga kilikubali, na tusipolisema hilo tutakuwa tunampamba. Aliwahi kufuma kivuli cha kamba kwa mfano wa utando wa buibui, mbele ya ofisi. Kilikaa siku nne. Upepo wa siku ya tano ulikibeba na kukilaza juu ya gari la meneja, na meneja akiwa ndani. Mzee akaenda kumtazama buibui tena, akarudi akisema alisahau kwamba buibui hukarabati utando wake kila siku, na yeye hakumwajiri mtu wa kukarabati.

Sasa tuje kwenye ukuta. Miaka kumi na moja iliyopita tulipewa kazi ya kujenga wodi mpya ya wazazi, ubavuni mwa ile ya zamani. Ile ya zamani ilikuwa na ukuta laini wa lipu ya saruji unaotazama magharibi, na jua la mchana liliupika mpaka jioni. Mkunga mkuu alitupeleka kuona. Akina mama walikuwa wakiwapepea watoto wachanga kwa vipande vya maboksi, na mkono ukichoka mtoto analia. Mkunga akasema hataki wodi nzuri, anataka wodi baridi, na asiambiwe habari za mashine, kwa sababu umeme wa pale ulikuwa ukija na kuondoka kama mgeni asiye na adabu.

Mbele ya lango la saiti kulikuwa na mti mzee, gome lake limepasukapasuka. Mzee alituita mmoja mmoja saa nane mchana, akatuambia tuweke kiganja kwenye bati la uzio, kisha kwenye gome. Bati lilituchoma. Gome lilikuwa la uvuguvugu tu, ingawa vyote viwili vilipigwa na jua lilelile. Akasema angalieni, kila kunyanzi linalitilia kivuli jirani yake. Mti hauna mtu wa kuusogeza kivulini, umejitengenezea kivuli cha kuvaa. Mke wake, ambaye ni mshonaji, anashikilia kwamba hilo hakulitoa kwenye mti, alilitoa kwenye marinda ya sketi anazoshona yeye. Nyumbani kwao shauri hilo halijaisha.

Akachora ukuta wa magharibi wenye makunyanzi: tofali moja linachomoza, la pili linarudi ndani, la tatu linakaa upande, kutoka chini hadi juu. Kwa mwashi hiyo ni aibu. Sisi tumefundishwa timazi na pimamaji, ukuta unyooke kama uzi. Mpishi wa kambi alipita akasema ukuta wetu umeota chunusi. Hapo ndipo jina la Mzee Makunyanzi lilipozaliwa, na lilizaliwa kwa dhihaka.

Meneja hakupenda. Lakini Mzee aliomba ajaribiwe, na wakakubaliana hivi: Jumatano ya wiki fulani, saa nane mchana, kipimajoto kitundikwe ndani ya wodi. Kikizidi digrii ishirini na nane, ukuta upigwe lipu kama kuta nyingine, kazi za namna hiyo zisirudiwe tena katika kampuni, na Mzee avue ufundi mkuu arudi stoo kuhesabu misumari. Masharti ya stoo aliyaongeza mwenyewe. Hakuna aliyemwomba.

Ijumaa kabla ya Jumatano hiyo alisafiri kwenda kumwona dada yake aliyefanyiwa upasuaji. Simu yake ilikuwa inazima, hivyo akatuma ujumbe mfupi kwa genge: malizeni ukuta wa magharibi kabla sijarudi. Alikusudia mistari mitatu ya matofali iliyokuwa imebaki juu, chini ya paa.

Sasa muulize mwashi yeyote neno kumaliza lina maana gani. Ukuta uliopangwa matofali bado haujamalizwa. Kumaliza ni lipu, ni kulainisha, ni kupitisha ubao mpaka kivuli cha mkono kisionekane. Sisi tulisoma ujumbe ule tukadhani Mzee amekubali yaishe, kwamba ameogopa stoo. Tukamwonea huruma. Tukasema tumfanyie kitu atakachokikumbuka. Jumamosi na Jumapili, siku zetu za kupumzika, watu kumi na wawili tulipanda jukwaa, tukapanga mistari ile mitatu, na kuupiga ukuta ule lipu mpaka ukawa kama yai. Sijui kama kuna lipu nzuri kuliko ile katika kazi zote za kampuni hii.

Jumatatu asubuhi tulijipanga mstari, miko imeoshwa, tukisubiri sifa. Mzee alishuka na begi lake begani. Akautembea ukuta wote akipitisha kiganja, kuanzia kona ya kwanza hadi ya mwisho. Akasema ni lipu nzuri sana, na akauliza nani aliyepiga ile kona. Kisha akageuza ndoo, akaikalia, akatazama chini. Wala hakufoka. Kukaa kwake pale ndiko kulikotufahamisha kwamba tumekosea.

Baadaye mabega yake yakaanza kutikisika. Tukadhani analia, kumbe anacheka, na machozi yalikuwepo pia. Akanyanyuka akasema leteni nyundo na patasi, lipu bado changa, itoeni taratibu kama mnavyomenya yai, tofali lisiumie. Tulikuwa na siku mbili.

Meneja alifika mchana, akakuta vumbi limetanda na sakafu imejaa vipande vya lipu. Akauliza ni mjinga gani aliyefanya haya. Mzee akajibu kwamba mjinga ni yeye, aliandika neno moja lenye maana mbili. Hakusema nani aliusoma ujumbe ule kwa sauti, wala nani aliwashawishi wenzake kwamba maana yake ni lipu. Kwa miaka kumi na moja hajasema, hata pale meneja alipomkumbushia kwenye vikao. Mtu huyo ni mimi ninayeandika hapa, na kona ile pia niliipiga mimi. Wakati ule nilikuwa na miaka mitatu tu kazini, mgeni, kwetu ni mbali, na kumwaga unga kwangu kulikuwa ni watu saba kulala bila kitu. Yeye alilijua hilo. Meneja anasoma jarida hili, basi na alijue leo.

Tulimenya hadi Jumanne jioni, mikono ikitoa malengelenge. Matofali mengi yalimeguka pembe, na tulipotaka kuyabadilisha Mzee alikataa. Alisema sasa ndiyo yamefanana na gome, mwanzoni yalikuwa nadhifu mno.

Jumatano saa nane mkunga mkuu alikitundika kipimajoto kwenye msumari, akakaa chini yake kwenye kiti akikilinda, asije mtu akakisogeza. Tuliambiwa tusubiri saa nzima. Mzee alikwenda kusimama chini ya mti wake langoni. Hakutaka kuona. Mkunga alipotoka alikuwa anatembea haraka, na sisi tulihesabu hatua zake. Digrii ishirini na saba. Wodi ya zamani, saa ileile, thelathini na tatu.

Meneja hakuamini, akarudi Alhamisi na kipimajoto chake mwenyewe. Ishirini na saba. Akatoka nje, akatazama huku na huku, akaweka kiganja ukutani kama sisi tulivyofundishwa. Mkunga kwa upande wake hakusubiri rangi wala kukatwa utepe. Alasiri ileile ya Jumatano alimhamisha mama mmoja na watoto wake pacha. Mama yule alilala, na hakukuwa na boksi mkononi mwake.

Tangu hapo kampuni imejenga majengo sita yenye kuta za namna hiyo, yakiwemo madarasa mawili na bweni la vibarua tunamolala sisi. Wachora ramani vijana huja na madaftari, na Mzee huwapeleka kwanza kwenye mti. Huwaambia wasiige sura ya mti, waulize mti umefanya nini. Wengine huandika. Wengine hupiga picha. Yeye huwasubiri waweke kiganja.

Ratiba ya Ijumaa inasema hotuba zitaanza saa tisa. Sisi wa saiti tutafika mapema. Saa nane kamili tutakuwa kwenye ukuta wa magharibi wa wodi ya wazazi, kila mmoja na kiganja chake, na mkunga mkuu, ambaye naye amebakiza mwaka mmoja astaafu, ameahidi kutoka kuungana nasi. Tunamkaribisha meneja. Gari aliegeshe popote, hakuna utando.

Mzee Makunyanzi, ahsante kwa miaka thelathini na moja, na ahsante kwa jina ambalo hukulitaja. Umemaliza kazi, na safari hii tumelielewa neno kwa maana yako: mistari ya juu imekamilika, basi. Hakuna atakayekupiga lipu. Nenda nyumbani na makunyanzi yako yote, yakutilie kivuli kila saa nane ya mchana, wewe na mama mshonaji, siku nyingi zenye afya.