Aliyefumua Mpaka Gauni Likakaa

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba mnisikilize kidogo, nikijua kwamba mmechoka kama tulivyochoka sisi.

Mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Fumua, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa mlinzi wa ghala, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, baba yake alipofariki akaacha, ndipo mjomba wake akamfundisha cherehani, na mwaka 1969 akaajiriwa katika kiwanda cha sare.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na mwashi, huyu mzee aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu, mimi wa kwanza, na wa pili, binti aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1979, alikuwa na mgongo uliopinda, bega la kulia juu, la kushoto chini.

Binti alianza shule Januari 1986, akarudi saa sita mchana, akavua sare, akasema, "Mama, gauni linanisema," na wiki nzima hakutoka nje. Marehemu alilifumua, akashona, likavuta kwapani, akafumua tena, na gauni la nne ndilo lililomrudisha mtoto shuleni, lakini mwili wa mtoto haukai palepale, hivyo kila muhula alikata upya, akaacha hata kazi ya kiwandani ili apate muda, mumewe akinung'unika kwamba anateka maji kwa pakacha.

Binti akawa mwalimu, na siku yake ya kwanza kazini, tarehe 13 Januari 2003, mama aliomba akae dawati la nyuma, watu wakadhani anajivunia mwanawe, kumbe anatazama mshono. Jioni alisema, "Ukiandika ubaoni, gauni zima linapanda. Livue." Binti akalia, akasema limemtosha. "Limekutosha umesimama," mama akajibu, "halijakutosha ukifanya kazi."

Ilimchukua miaka miwili mingine kupata mkato usiopanda mkono ukiinuliwa, na mkato huo ndio aliowashonea wengi wenye migongo kama hiyo.

Mikono ilianza kutetemeka Agosti 2016, akawa anaelekeza kwa mdomo huku binti akikata, rudia, rudia, mpaka binti akakosa nguvu ya kuitikia. Alilazwa tarehe 28 Januari 2023, akafariki Ijumaa, tarehe 3 Februari, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake waliofunga vibanda vyao leo. Binti yake anaomba radhi kwa gauni alilovaa, amelikata mwenyewe juzi, kola bado haijakaa, atalirudia wiki ijayo.

Mama, umefanya kazi sana. Pumzika sasa, kwa amani.